Figo ya baba: Dodoma au India?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Mimi ni msomaji wako wa Ujiji, Kigoma. Baba yangu ana miaka 56 na figo zake zimekufa kwa sababu ya presha. Huu ni mwezi wa saba anasafishwa damu Dodoma mara tatu kwa wiki. Anakaa kwa shangazi, mama yuko naye. Kaka yangu mkubwa anataka baba apelekwe India. Amepata wakala aliyemtajia dola 14,000, na akamwambia hata ndugu wakishindikana mtu wa kutoa figo atapatikana huko huko. Jirani yetu alipandikizwa India miaka minne iliyopita na yuko mzima. Baba mdogo anasema Dodoma panatosha. Baba ni grupu O, mimi pia O, kaka ni A. Nina miaka 29 na mtoto mmoja, niko tayari kumpa baba figo, ila mama hataki hata kusikia. Tumeshauza kiwanja, na mtumbwi na injini yake. Twende wapi?"

Marahaba, binti yangu, na poleni sana. Miezi saba ya kukaa ugenini na mgonjwa wa mashine si kitu kidogo, na mama yako anastahili pole ya peke yake.

Nakujibu kwanza, maelezo yatafuata. Mkipata ndugu ambaye kipimo cha kuchanganya damu yake na ya baba, kile mtakachosikia kikiitwa krosimechi, kinatoka safi, na moyo wa baba ukapimwa ukaonekana unahimili upasuaji, baba apandikizwe Dodoma. Krosimechi ikikataa, kaka yako ana hoja, na India ni ya kufikiriwa. Kwa wakala yule msiende kabisa, hata krosimechi ikikataa.

Mimi sifanyi kazi Dodoma na sina cha kufaidika mkienda huko au msipoenda. Ni daktari wa figo, na ni kaka wa mgonjwa. Mdogo wangu wa kiume alipandikizwa India, aliyemsindikiza ni mimi, kwa hiyo ninayoyasema hapa nusu nimeyajifunza wodini na nusu kwenye benchi la ndugu wa mgonjwa.

Kikao chenu kimelinganisha siku ya upasuaji: nani ana mashine bora, nani ana mikono iliyozoea. Ni swali la haki. Ila upasuaji wenyewe unachukua saa tatu au nne, na figo ikishika inatakiwa kuishi miaka kumi, kwa wengi hata zaidi ya hapo. Miaka hiyo yote haitaishi Delhi wala Dodoma. Itaishi Ujiji. Ndiyo maana familia ikiniuliza twende wapi, nami nauliza: mwezi wa sita baada ya upasuaji, Jumatatu asubuhi, baba akiwa na homa, nani anampima damu na nani anabadilisha dozi? Nchi yenye jibu la swali hilo ndiyo inayowafaa.

Kaka yako hata hivyo hajakosea kuhusu uzoefu, na msimbeze. India walifanikiwa kupandikiza figo ya mtu aliye hai mwaka 1971, kule Vellore, na leo wanafanya zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Sisi tulianza Muhimbili mwezi Novemba 2017, tena wataalamu wa hospitali ya BLK ya New Delhi wakiwa pamoja na madaktari wetu, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma ikaanza kwa ushirikiano na Wajapani wa kundi la hospitali la Tokushukai. Pengo ni la miaka 46. Mgonjwa mwenye mambo magumu atauona umuhimu wa pengo hilo. Mgonjwa wa kawaida, mwenye ndugu anayelingana naye, hatauona sana, kwa sababu upasuaji wa aina yake ndio walioanza nao madaktari wetu na ndio wanaoufanya kila mara.

Mambo magumu ni yapi? La kwanza linaihusu familia yenu. Baba ni grupu O. Mtu wa O anaweza kumpa kila mtu, lakini yeye hupokea kwa O mwenzake tu. Kaka yako wa A, kwa njia ya kawaida, hawezi kumpa baba. Hospitali kubwa za India hupandikiza hata grupu zikigongana: humchuja mgonjwa damu kuondoa kingamwili zinazoipinga grupu A, humpa dawa kali za kuzinyamazisha, ndipo wanapasua. Inafanyika, na inafanyika vizuri, ila bei inapanda na maambukizi yanakuwa mengi zaidi kwa sababu kinga imeshushwa chini sana. Jambo gumu la pili ni mgonjwa ambaye damu yake imejaa kingamwili dhidi ya watu wengi, mara nyingi kwa sababu ameongezewa damu mara kwa mara. Wa tatu ni anayepandikizwa kwa mara ya pili. Baba akiangukia kwenye mojawapo, nitakuwa wa kwanza kuwaambia fungeni mizigo.

Lakini mbona sijaona grupu ya baba mdogo? Umeniandikia ya baba, yako na ya kaka. Baba mdogo, ambaye ana maoni mazuri kuhusu Dodoma, hajapimwa. Mtoto hushirikiana na mzazi wake angalau nusu ya alama za tishu, zile ambazo mwili hutumia kutambua kilicho chake na cha mgeni. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana alama zote kabisa, mbili kati ya nne ya kufanana nusu, na moja ya kutofanana hata kidogo. Kama baba mdogo hana kisukari wala presha, umri wa miaka hamsini na kitu haumzuii. Shangazi anayemkaribisha baba Dodoma naye ni damu yake. Wapimeni hao wawili kabla hamjagombana kuhusu wewe. Kupima grupu ya damu ni suala la dakika chache, hata Ujiji linawezekana.

Kuhusu wakala. Aliposema mtu atapatikana huko huko, alikuwa anawauzia figo ya maskini. Sheria ya India ya mwaka 1994, iliyokazwa mwaka 2011, inakataza figo kulipiwa, na anayevunja hukaa jela miaka mitano hadi kumi pamoja na faini kubwa. Tena Mhindi haruhusiwi kumpa figo mgeni asiyekuwa ndugu yake wa karibu. Figo za waliofariki zipo kule, lakini foleni yake huanza na wenyeji na mgeni anakuwa wa mwisho kabisa. Kwa hiyo huyo "mtu" ama hayupo, na dola zenu zitaliwa, ama yupo na amepikiwa karatasi za uongo zinazomfanya awe binamu yenu. Mkikamatwa, baba atakuwa kitandani nchi ya watu, kaka yako mikononi mwa polisi. Na hata msipokamatwa, nimeona wagonjwa waliorudi kwa njia hizo: hawana jina la mtoaji, hawana majibu ya vipimo vya tishu, wanajificha hata kwangu mimi daktari wao. Mwambieni kaka kwa upole, maana najua alikuwa anatafuta njia ya kumwokoa baba.

Njia halali ya India ipo, ila ina karatasi, na hapo nataka mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo sisi tulipokwama. Mtoaji na mpokeaji wakiwa wageni wote wawili, ubalozi wa nchi yao uthibitishe kwa maandishi kwamba ni ndugu, kisha kamati inayoidhinisha upandikizaji iwahoji. Aliyemtolea mdogo wangu figo ni dada yetu. Tulifika na faili nene, tukaketi mbele ya afisa mmoja mstaarabu kabisa, akalipitia ukurasa kwa ukurasa. Akasimama kwenye cheti cha kuzaliwa cha dada. Jina la baba yetu lilikuwa "Hamis". Kwenye pasipoti ya mdogo wangu lilikuwa "Hamisi". Akaweka ncha ya biro juu ya ile herufi ya mwisho, akanitazama, hakusema neno. Tulingoja siku tisa kiapo cha majina kitoke nyumbani, kithibitishwe, kifike. Siku tisa za nyumba ya wageni ya watu wanne, na mdogo wangu akisafishwa damu kwa fedha taslimu kila baada ya siku moja. Kamati ilipokaa hatimaye walimhoji dada peke yake, kamera inarekodi: unamjuaje mgonjwa, nani alikuambia uje, umeahidiwa nini? Kilichotusaidia zaidi ni picha ya zamani ya Idi, sote watoto tumesimama ukutani na nguo za kitambaa kimoja.

Kwa hiyo popote mtakapokwenda, karatasi zianze wiki hii. Kwetu Kigoma na Tabora wazee wengi walizaliwa bila cheti, na jina la mtu linaandikwa kivingine kila ofisi anayopita. Tafuteni cheti cha kuzaliwa cha RITA cha baba na cha kila anayejitolea, linganisheni na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, na penye tofauti mwanasheria aandae kiapo. Dodoma nako watataka uthibitisho wa undugu, hivyo kazi hiyo haitapotea.

Sasa fedha. Dola 14,000 ni bei ya hospitali kwa mgonjwa ambaye kila kitu kimemwendea sawa. Ulizeni haijabeba nini: tiketi za baba, mtoaji na msindikizaji, chumba na chakula kwa miezi miwili au mitatu, kusafishwa damu wakati wa kungoja kamati, vipimo vya mtoaji wa pili kama wa kwanza ataanguka, na siku za ziada mgonjwa akipata homa. Sisi tulichokadiria kiliisha kabla ya kamati. Kisha yapo yasiyoisha popote mtakapopandikiza: dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, kila asubuhi na jioni, maisha yote. Kama baba ana bima, nendeni ofisini kwao mpate kwa maandishi inalipa awamu ngapi za kusafisha na, baada ya kupandikizwa, inalipa dawa zipi na vipimo vipi. Familia nyingi huuliza upasuaji tu. Kwa asiye na bima hesabu ni hii: mara tatu kwa wiki ni awamu 156 kwa mwaka. Zidisha kwa bei mnayolipa sasa, kisha weka pembeni gharama ya dawa za mwaka mzima za aliyepandikizwa, mlinganishe. Fedha ya kiwanja na mtumbwi msiimalize kwenye upasuaji. Ningekuwa mimi, ningetenga dawa za mwaka mmoja kabla ya kulipia kitu kingine chochote.

Nieleze kwa nini nakazania baada ya upasuaji. Nina mgonjwa wa Kasulu aliyepandikizwa nje, kwa ustadi mkubwa, figo ikafanya kazi kama saa. Mwaka wa pili akapata kikohozi, akaenda kituo cha jirani, akakutwa na kifua kikuu, akaanzishiwa dawa kama inavyotakiwa. Ndani ya dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, na rifampisini huifanya takrolimusi, dawa inayoilinda figo, iteketezwe haraka mwilini hadi isibaki ya kutosha. Hakuna aliyempigia simu daktari wa figo. Mgonjwa hakujua kama kuna daktari wa kupigiwa, maana wake alikuwa ng'ambo na barua aliyorudi nayo ilikuwa imekunjwa ndani ya Msahafu nyumbani. Alipofika kwangu kreatinini, uchafu wa damu unaopanda figo ikishindwa kazi, ilikuwa imepanda mara tano. Leo yuko kwenye mashine tena. Kifua kikuu kwa aliyepandikizwa kinatibika vizuri tu, kwa kubadilisha dawa hiyo moja au kupandisha dozi ya nyingine huku damu ikipimwa. Kilichokosekana ni mtu anayemjua.

Aliyepandikizwa Dodoma ana kliniki yake Dodoma, faili lake lipo, wauguzi wanajua sauti yake. Kutoka Kigoma ni karibu kilomita 800 za reli, mbali kweli, lakini haihitaji viza. Miezi mitatu ya kwanza asiondoke mjini, kwa sababu hapo damu hupimwa mara moja au mbili kila wiki. Baadaye ni mwezi kwa mwezi, kisha miezi miwili au mitatu. Na jambo hili mwandikieni ukutani: siku ya kupima takrolimusi asimeze dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe. Wengi humeza kwanza, kipimo kinasoma juu, daktari anapunguza dozi isiyostahili kupunguzwa, na figo ndiyo inayolipa.

Jirani yenu aliye mzima miaka minne nendeni mkamsalimu, na msimuulize hospitali gani. Muulizeni anapimwa damu wapi na dawa anazipata wapi. Nina hakika ana jibu, ndiyo maana yuko mzima. Mkiishia kwenda India, kabla ya kupanda ndege tayari muwe na daktari wa figo hapa nyumbani aliyekubali kumpokea baba, na msirudi bila karatasi yenye majibu ya tishu, dawa zilizotumika siku ya upasuaji, na tarehe ya kutolewa kwa mrija mdogo wa ndani unaowekwa kwenye njia ya mkojo. Mrija huo unatakiwa utoke ndani ya wiki chache. Nimewahi kuukuta kwa mtu baada ya mwaka.

Turudi kwako, na kwa mama. Hofu yake ina msingi na usiidharau. Utafiti wa Kanada ulikuta kwamba kati ya kila mimba 100 za wanawake waliokwisha kutoa figo, 11 zilipata presha ya ujauzito au dalili za awali za kifafa cha mimba, wakati kwa wenzao wasiotoa zilikuwa 5. Wengi wa waliotoa figo walijifungua salama, lakini inahitaji kliniki makini, na mimba isubiri angalau mwaka mmoja baada ya kutoa. Kwa kawaida figo inayobaki hukua kidogo na kubeba kama asilimia 70 ya kazi ya zile mbili. Kuna jambo jingine: mmeambiwa presha ndiyo iliyoua figo za baba. Mara nyingi ni kinyume, figo ndizo huanza kuugua kimyakimya na presha ikafuata. Kama ugonjwa wenyewe ni wa kurithi, kwa mfano ule wa vifuko vya maji kwenye figo, wewe unaweza kuwa nao bila kujua. Kwa hiyo ukifika kupimwa wasiishie kwenye damu. Wapime protini kwenye mkojo, presha kwa saa 24 na picha ya figo zako. Daktari akikukatalia, hajakunyima kumpenda baba yako. Na siku yoyote kabla ya kuingia chumba cha upasuaji una haki ya kusema hapana ukiwa peke yako na daktari, naye atawaambia nyumbani kwamba hukufaa kiafya, basi.

Wakati mnapanga, mlindeni baba alivyo sasa. Asiongezewe damu bila sababu kubwa. Upungufu wa damu wa mgonjwa wa figo una sindano zake, na kila chupa ya damu ya mtu inaweza kumjengea kingamwili zitakazoikataa figo kesho. Je, bado anasafishwa kwa mrija wa shingoni? Miezi saba ni mingi mno, mrija huo ni mlango wa maambukizi. Aombe fistula ya mkononi, ambayo haina uhusiano na ile fistula ya uzazi inayowatisha akina mama: ni mshipa wa ateri uliounganishwa na wa vena. Inachukua wiki sita au zaidi kukomaa. Ikishatengenezwa, mama awe anaweka vidole juu yake kila asubuhi. Atasikia mtetemo, kama injini ya boti ya Kibirizi inayosikika kwa mbali. Siku mtetemo ukikatika, waende hospitali siku hiyo hiyo, wasisubiri zamu ya mashine. Chanjo ya homa ya ini aina ya B aimalize. Ile ya homa ya manjano ina virusi hai na hairuhusiwi kabisa baada ya kupandikizwa, kwa hiyo kama hajawahi kuchanjwa, daktari wake aamue sasa.

Na chakula, maana najua mama anahangaika. Migebuka wabichi wachache wanafaa. Dagaa wakavu huliwa na mifupa yake, fosforasi yake, madini ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa, ni nyingi, na wakishatiwa chumvi ndiyo basi. Ndizi na mihogo ikatwe vipande vyembamba, ichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, ili ipungue potasiamu, madini yanayomdhuru mgonjwa wa figo yakizidi. Mawese hayana potasiamu, asinyimwe kwa sababu hiyo, kijiko kimoja kwenye mchuzi kinatosha.

Awamu ijayo ya baba, uwepo. Muulize muuguzi wa zamu damu ya krosimechi inachukuliwa siku gani na wanataka iwe ya nani kwanza, na mwende na baba mdogo na shangazi wakiwa wameshapima grupu zao. Majibu yakitoka niandikie, uorodheshe na dawa zote anazomeza, pamoja na za mitishamba kama zipo.